Mimba ya Mwakani

Leo nataka tumzungumzie ng'ombe asiye na mimba. Simsemi ng'ombe mgonjwa, huyo kila mtu anamwona na kila mtu anamhangaikia. Namsema yule mzima wa afya, anayekwenda machungani asubuhi na kurudi jioni, anayehesabiwa lango linapofungwa, lakini mwaka unapita hana ndama tumboni wala ubavuni. Huyu anatufilisi kimyakimya. Ndama akifa tunasikitika, tunauliza kilichomuua. Ndama ambaye hakutungwa hakuna anayemlilia.

Maneno yangu ni kwa mwenye majike kumi, kumi na wawili, kumi na watano. Yuko Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Manyoni, popote ambako mvua ni msimu mmoja na kiangazi ni kirefu. Anafuga kwa ajili ya kuuza nyama, ndama ananyonya mama yake mpaka anakua, na maziwa ya nyumbani ni ya ziada tu. Mfugaji huyu fedha yake yote inatokana na ndama. Basi tupige hesabu. Majike 12 wakizaa kila mwaka, una ndama 12. Wakizaa kila baada ya mwaka na nusu, ndama wa mwaka ni 8. Wakizaa kila baada ya miaka miwili, ni 6. Na katika machunga yetu ya asili, jike kuzaa kila baada ya miaka miwili si jambo la kushangaza, ndiyo hali ya mazizi mengi. Maana yake kila mwaka nusu ya majike wako wanakula majani, wananyweshwa, wanaogeshwa kupe, na hawakupi kitu. Mwenye ng'ombe mia tano anaweza asilione hilo. Wewe mwenye 12, kila jike aliyekosa mimba ni ada ya mtoto shuleni.

Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi, na hawa wetu wenye nundu huongeza siku chache. Mwaka una siku 365. Ukitaka jike azae kila mwaka, toa 283 katika 365, unabaki na siku 82. Ndani ya siku hizo 82 tangu azae, lazima awe ameshashika mimba nyingine. Lakini siku 40 hivi za mwanzo kizazi chake bado kinajirudi, hakijawa tayari kubeba. Zinabaki kama siku 42. Na jike huingia kwenye joto kila siku 21. Kwa hiyo ana nafasi mbili tu! Akizikosa zote mbili, mwaka huo umeshapinda.

Ninachotaka kukisema leo kwa nguvu zangu zote ni hiki: mimba ya mwakani huamuliwa kabla ndama wa mwaka huu hajazaliwa. Jike akizaa akiwa na nyama mwilini, mayai yake huamka mapema, na siku 82 zinamtosha. Akizaa akiwa mifupa mitupu, mwili wake unafanya jambo la busara kabisa. Kila anachokula unakipeleka kwenye maziwa ya ndama aliyepo, na habari za ndama mwingine unaziweka kando miezi minne, mitano, mpaka nane. Unaweza kumletea dume bora kuliko wote wilayani na bado hatashika, kwa sababu hana joto la kupandiwa.

Namna ya kujua hali yake haihitaji mashine. Msimamishe, weka kiganja juu ya mbavu za mwisho, karibu na nyonga, ubonyeze kidogo. Ukizihisi mbavu lakini zimefunikwa na nyama, huyo yuko vizuri. Ukiweza kuzihesabu kwa macho ukiwa umesimama hatua kumi, amekonda. Mwangalie pembeni mwa shina la mkia: pakiwa na shimo refu pande zote mbili, amekwisha. Nundu nayo inasema, maana nundu ya ng'ombe aliyeshiba husimama, na ya aliyechoka hulegea na kulala upande. Fanya hivyo mwezi wa saba, fanya tena wa kumi, na tena siku anapozaa. Ukiwa na daftari, andika karibu na jina lake: mnene, wastani, amekonda. Maneno hayo matatu yatakusaidia kuliko dawa nyingi za dukani.

Kuna jambo la pili linalozuia joto, nalo ni ndama mwenyewe. Niliwahi kuingia kwenye zizi la mzee mmoja wa maeneo ya Mpwapwa. Akanionyesha jike mwekundu, mwili mdogo, amekwisha kwa kukonda. Akaniambia, "Mwanangu, huyu sijui nani kamfunga. Wenzake wote wamepandwa, yeye hata dume hamtazami." Ubavuni mwa yule jike palikuwa na ndama dume, karibu anamfikia mama yake kwa kimo, amepiga magoti ya mbele ili aifikie chuchu. Nikamwuliza, "Mzee wangu, huyu anayenyonya ana umri gani?" Akafikiri, akasema amefikisha mwaka, na kidogo zaidi. Nikamwuliza kwa nini hajaachishwa. Akajibu, "Mama yake hamfukuzi, mimi nitamfukuzaje?"

Jibu lile lina upendo ndani yake, na simlaumu. Lakini mzee yule alikuwa anamtazama mchawi wake na hamjui. Ndama anaponyonya, tena mama akimwona na kumnusa kuwa ni wake, ubongo wa jike unapata habari kwamba kazi ya kulea haijaisha, na ule msukumo wa kuamsha mayai unazuiwa. Jike mnene hulishinda zuio hilo, anapata joto huku ananyonyesha. Jike aliyekonda halishindi. Na tofauti ni kubwa kati ya ndama anayeshinda na mama yake kutwa nzima na yule anayenyonya asubuhi na jioni tu. Hapo wazee wetu walikuwa na utaratibu mzuri: ndama hubaki nyumbani au huchungwa peke yao karibu na boma, na hukutana na mama zao zizi linapofunguliwa na linapofungwa. Utaratibu huo unasaidia jike arudi kwenye joto mapema. Usiuache kwa kudhani umepitwa na wakati. Ndama akifika miezi saba, anakula majani vizuri, mwachishe. Aliyezaliwa Desemba ataachishwa Julai, na mama yake atapata miezi ya kujijaza kabla kiangazi hakijakaza. Jike akiwa amekonda sana, ndama aachishwe mapema zaidi, naye apewe chakula cha kumfidia. Na wewe unayemkamua jike wa namna hiyo vikombe viwili vya chai, nakuomba umwache. Hana cha kugawana.

Anayehitaji huruma kuliko wote ni mtamba aliyezaa mara ya kwanza. Huyu ananyonyesha, na yeye mwenyewe bado anakua, na meno yake ya utoto yanang'oka katika umri huohuo. Wengi wao huzaa vizuri mara ya kwanza, kisha wanakaa mwaka mzima bila mimba, nasi tunasema mtamba huyu hafai. Mtenge. Mpe majani mazuri kwanza, mpe pumba, usimfanye agombanie pori na majike wazima wenye pembe. Na asipandwe kabla mwili haujafika. Kama jike wako mzima ana kilo 300, mtamba afikishe kama 190 ndipo akutane na dume. Ukiangalia umri tu utadanganyika, maana kuna mtamba wa miaka miwili aliyefika na wa miaka mitatu ambaye bado.

Najua mnaniuliza, hizo nyama za mwilini zitatoka wapi katikati ya kiangazi cha Dodoma? Zitatoka kwenye kilichotunzwa. Wasukuma wana ngitili: eneo la majani linafungwa wakati wa mvua, linafunguliwa kiangazi kikikaza. Wamaasai wana alalili zao, hasa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Ngitili za Shinyanga zilikuwa zimepotea sehemu nyingi, zikafufuliwa kuanzia miaka ya 1980 kwa juhudi za wananchi na serikali, na leo ni mfano unaotajwa mbali. Hata ekari chache nyuma ya nyumba, zikizungushiwa miiba, zinatosha majike wanne wenye mimba kubwa kwa wiki kadhaa za Oktoba na Novemba. Mabua ya mtama na mahindi tunayoyachoma au kuyaacha yakaoza, yafungwe yawekwe juu ya kichanja. Na huku kwetu alizeti inakamuliwa kila kijiji, mashudu yapo. Kilo moja kwa siku kwa jike aliyekonda, katika miezi miwili ya mwisho wa mimba, ni fedha inayorudi. Ni afadhali umpe huyo mmoja kuliko kuwatawanyia wote mashudu kiganja kimoja kimoja mpaka hakuna aliyefaidika.

Na chumvi. Ukiona ng'ombe wako machungani wanaokota mifupa na kuitafuna, usicheke. Wanatafuta fosforasi, na jike mwenye upungufu huo hashiki mimba vizuri. Tena mifupa ya mizoga inaweza kuwaua kwa sumu. Chumvi ya kawaida haitoshi kwa tatizo hilo. Nunua madini ya mifugo yenye fosforasi, uyaweke mahali pakavu wayarambe kila jioni.

Sasa wakati wa kupandisha. Mvua yetu hapa kati huanza Desemba, inakwisha Aprili. Jike akipandwa katikati ya Februari, atazaa mwishoni mwa Novemba. Akipandwa mwisho wa Aprili, atazaa mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo dume akikaa na majike kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Aprili, ndama wote watadondoka majani yanapochipua au yakiwa tayari yamekuja, na mama zao watakuwa wananyonyesha wakati wa neema. Tena ndama watakuwa wa umri mmoja, wanachanjwa siku moja, wanahasiwa siku moja, na ukienda mnadani unauza kundi linalolingana, mnunuzi hakuchagulii mmoja mmoja. Ndama anayezaliwa Agosti anakuja na njaa yake na kumkausha mama yake.

Mtu ataniambia, machunga yetu ni ya pamoja, hayana uzio, dume wa jirani hana kalenda. Ni kweli, na sitajifanya kwamba ni rahisi. Lakini kuna hatua moja iliyo mikononi mwako hata bila uzio, nayo ni kuhasi. Ndama dume wa miezi kumi anaweza kutia mimba. Mnamwona mdogo, mnamwacha na dada zake na mama yake mpaka apate bei, kumbe ameshafanya kazi. Kila ndama dume usiyekusudia awe mzazi ahasiwe mapema kwa koleo na mtu anayejua. Wenye mazizi manne au matano wanaochunga pamoja wakikubaliana hilo tu, tayari wameshaamua nani atakuwa baba wa ndama wao wote.

Na baba huyo nani amempima? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana tuna desturi mbaya. Jike akikosa mimba tunamwita tasa, tunampeleka mnadani. Dume hatumwulizi. Jike mmoja asiyezaa amekupotezea ndama mmoja. Dume asiye na mbegu nzuri amekupotezea ndama wa mwaka mzima, wote 12, na utagundua mwakani wakati hakuna la kufanya. Usidanganywe na ukali wake. Kuna dume anapanda kila siku kwa hamasa na hatii mimba.

Mtazame akitembea. Dume mwenye kwato mbovu au anayechechemea mguu wa nyuma hatapanda. Mtazame macho. Shika korodani zake, ukiwa umemfunga vizuri kwenye kibanio: zilingane, ziwe ngumu kiasi na zenye kurudi ukibonyeza, zisiwe na uvimbe wala joto la ajabu, zining'inie huru. Zizungushie utepe mahali panene zaidi. Kwa dume wa nyama aliyekomaa, kama Boran, wataalamu hutaka sentimita 30 na kuendelea, na dume mwenye korodani kubwa huzaa mabinti wanaowahi kupevuka. Tazama na govi lake. Hawa wenye nundu wana govi linaloning'inia, linakwaruzwa na miiba, na kidonda pale kinamwondoa kazini. Dume mzima mwenye afya anaweza majike 25 hadi 30 kwa msimu, kijana wa miaka miwili umpe 10 hadi 15. Kwa zizi dogo mmoja anatosha, na wawili ni hasara, maana mafahali wawili hawakai zizi moja: wanapigana kutwa, na jike mwenye joto anapitwa na saa zake.

Kumbuka tena, mbegu ya dume huchukua kama miezi miwili kutengenezwa. Dume aliyeugua ndigana Januari, ukamtibu akapona akang'aa, Februari na Machi bado anaweza kuwa na mbegu mbovu. Ndiyo maana josho la dume halikosi hata wiki moja katika miezi ya kuelekea msimu.

Kisha, asikae sana. Dume aliyeingia leo, baada ya miaka mitatu hivi mabinti zake wanaanza kupata joto. Akiwapanda, unapata ndama dhaifu, wasiokua, wasioshika mimba vizuri. Mbadilishe kabla ya hapo. Waweza kununua dume wa Boran kutoka ranchi za taifa, kama ile ya Kongwa, au kutoka mashamba ya serikali ya kuzalisha mitamba kama Mabuki na Sao Hill. Aina ya Mpwapwa nayo ni mali yetu, imetengenezwa kwenye kituo cha utafiti cha hapohapo kwa kuchanganya zebu wa huku na damu za Sahiwal na Red Sindhi, na inalijua jua la hapa. Lakini mtamba wako mdogo wa kienyeji usimpe dume wa jamii kubwa za Ulaya, wala mbegu yake. Utakuja kukatiwa ndama tumboni ili mama apone.

Wengi wetu hubadilishana dume na jirani. Ni vizuri, ila dume mzee aliyepanda huku na kule huja na magonjwa ya zinaa. Hutayaona kwake. Utaona majike waliopandwa wakirudia joto ovyo baada ya miezi miwili, mitatu. Dume kijana ambaye hajawahi kupanda ni salama zaidi. Na jike akitupa mimba kubwa, ya miezi mitano kuendelea, fikiria brusela kwanza. Usishike kile kijusi wala kondo kwa mikono mitupu, mbwa wasile, chimba shimo refu uzike na chokaa au uchome. Mwite daktari wa mifugo apime damu, majike na dume. Maziwa yachemshwe, yote, hata ya mtoto anayelilia mabichi, kwa maana ugonjwa huo unamwingia binadamu na kumpa homa zisizokwisha na maumivu ya viungo kwa miezi.

Uhimilishaji nausifu, na kituo chetu cha taifa cha Usa River kimefanya kazi kubwa. Ila kwa majike wanaonyonyesha porini una masharti yake. Joto la zebu ni fupi, saa kumi hivi au pungufu, na mara nyingi huja usiku. Utaona ute mweupe unaopita mwanga kama kioo unaning'inia, nywele za shina la mkia zimesuguliwa, na wenzake wanampanda naye anasimama. Ukiona ute wenye damu, umechelewa, hesabu siku 19 umsubiri. Zile sindano za kusawazisha joto zinasaidia kwa jike ambaye mayai yake yameshaamka. Ukimchoma jike aliyekonda, umetupa fedha, kisha utasema mbegu za serikali ni maji.

Dume ukimtoa mwisho wa Aprili, mwite daktari Julai apime mimba majike wote. Mkono wa mtaalamu unaitambua mimba ya miezi miwili bila shaka. Siku hiyo ndiyo ya kuamua. Jike aliyekosa mimba mwaka huu na mwaka jana, na ni mzima, na wenzake wa zizi hilo wameshika kwa dume yuleyule, mpeleke mnadani mwezi huohuo, angali na nyama za masika. Ukimsubiri mpaka Novemba kwa huruma utauza ngozi na pembe, naye atakuwa ameshakula mabua ya miezi minne. Mtamba wa kwanza mpe nafasi nyingine. Na yale mabua aliyokuachia aliyeuzwa yapandishe kichanjani, yawangoje wenye mimba watakaozaa Desemba.